Uji wa Ito

Saa sita kasorobo mchana, kila siku ya Mungu, Nobue Kuramochi hufunga kompyuta yake, huisukuma kwenye pembe ya meza ya jikoni karibu na chupa ya soya, na kuanza kumenya figili. Ni mwandishi, lakini haandikii katika chumba cha juu kama waandishi wa kwenye picha. Chumba cha juu kimejaa vitabu vya historia mpaka sakafu imeinama, na mama mkwe wake alishapiga marufuku mtu yeyote mwenye zaidi ya kilo hamsini kuingia humo. Kwa hiyo Nobue huandika jikoni, supu ikichemka, na siku nyingine huandika kwa mkono mmoja.

Kwa miaka kumi na mmoja ameandika safu ya "Jiko la Zamani" katika gazeti la halmashauri, lile linalofika kila nyumba hapa Kuronuma utake usitake. Kila mwezi huchukua chakula kimoja kutoka kwenye maandishi ya kale, hukipika, kisha hueleza nani alikila, mwaka gani, na kwa nini. Sisi majirani tunasema tunamsoma. Ukweli ni kwamba tunakata ile sehemu ya mapishi na kuibandika kwenye friji, halafu historia tunafungia viazi. Mimi mwenyewe nina mapishi tisa kwenye friji na siwezi kukutajia hata vita moja.

Mume wake, Teruaki, anasimamia ujenzi wa madaraja, na huu ni mwaka wa nne kampuni imempeleka Nagoya. Hapa kwetu mtu aliye mbali haachwi na njaa. Mchana Nobue humwandalia sinia lake kama kwamba yupo: bakuli la wali, supu ya miso ile ya maharage ya soya, achari, vyote vimefunikwa, mbele ya mto anaoukalia akiwa nyumbani. Vijiti vinalazwa. Ukivisimamisha ndani ya wali umeshamfanya mtu marehemu, maana wafu ndivyo wanavyolishwa. Wengine wakimaliza kula, kifuniko kinafunuliwa. Kikiwa na matone kwa ndani, aliye mbali ni mzima. Kikiwa kikavu, piga simu haraka. Baada ya hapo mtu wa nyumbani anakila kile chakula, kwa sababu wali hautupwi.

Sasa, mwaka huo Nobue alikuwa amepewa kazi kubwa. Mji ulikuwa unaandaa kitabu chake cha historia, kurasa mia nane, kitoke kabla ya majani kupukutika, naye aliombwa aandike sura ya vyakula. Alifurahi kupita kiasi. Kuna watu wanapenda umbea wa majirani. Yeye anapenda umbea wa watu waliokufa miaka mia mbili iliyopita, hasa wakitaja walichokula. Mwezi wa tano akaazima hekaluni daftari la mkuu wa Kijiji cha Juu, lililoandikwa mwaka ambao kiangazi hakikuja, mpunga ukabaki kijani mpaka theluji ikaukuta shambani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtoto wa Kuronuma analijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Katika njaa ile, wilaya zote jirani zilizika watu kwa maelfu. Kwetu, Bwana Norihisa, mwenye ngome, alifungua ghala lake na kuwapikia watu uji, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa njaa. Maneno hayo, "hakuna hata mmoja", yako kwenye bango la stesheni. Yako kwenye vifuniko vya chuma vya mitaro. Yako kwenye karatasi ya kufungia keki za maharage za Mzee Amakasu, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Historia.

Daftari halikusema kwamba kuna aliyekufa. Lilikuwa na majina mia nne na kumi na mawili, na mbele ya kila jina neno moja: hayupo. Tome, mke wa Yohachi, miaka thelathini na mmoja, hayupo. Ito, binti yake, miaka minne, hayupo.

Nobue alisoma mistari hiyo miwili huku akikoroga uji wa figili, chakula pekee alichokiona kimetajwa katika daftari. Akajiuliza, mama mwenye mtoto wa miaka minne anakwenda wapi mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika kwenye paa? Mawazo yakamchukua. Akapakua, akafunika, akaweka sinia mbele ya mto wa mume wake, na badala ya kutaja jina la mume akasema, "Bibi Tome, popote ulipo, karibu chakula."

Hapo ndipo alipokosea. Sinia lile ni la mtu asiyekuwepo, na daftari lilikuwa limeandika kwa wino mweusi kwamba Tome hayupo. Kifuniko kilipofunuliwa kilikuwa na matone.

Kesho yake saa sita Tome alikuwa ameketi kwenye mto. Alikuwa mwembamba sana, amevaa nguo ya katani iliyotatuka begani, na miguu yake ilikuwa na tope.

"Nobue!" Mama mkwe, Bibi Fusa, ndiye aliyemwona kwanza. Ana miaka themanini na sita na macho yake hayahitaji miwani. "Mgeni wako kaingia na miguu michafu. Huu mkeka tumeubadilisha juzi juzi."

"Samahani, Mama." Nobue akaleta beseni na kitambaa. Tome akanawa, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, kisha akalimaliza bakuli la wali kwa mikupuo mitatu na kulinyoosha tena.

Bibi Fusa akamshika mkono. "Hapana. Nobue, mtu wa njaa hapewi wali mzito. Nimeona wakati wa vita. Atakufa huyu."

"Nimeshakufa," akasema Tome.

"Basi utakufa tena. Anza na uji."

Akaanza na uji. Siku ya kwanza mwepesi, siku ya nne mzito, wiki ya pili akahamia kwenye wali na samaki. Alikuwa anaosha vyombo bila kuambiwa na alikuwa hodari wa achari kuliko Nobue, jambo ambalo Bibi Fusa alilitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kitu kimoja tu hakikuwa cha kawaida: kila chakula alichopewa alichota kidogo akakificha kwenye mkono wa nguo yake. Bibi Fusa alipofungua kabati la mashuka alikuta viazi vitamu, mapande ya samaki na tonge za wali, vyote vimeota ukungu, vimepangwa vizuri juu ya jani. Akafunga kabati. Wala hakumwambia mtu mpaka mwezi ulipokwisha.

Nobue aliuliza maswali yake jikoni, figili mkononi, kama anavyowauliza wazee wa mtaa.

"Bibi Tome, huo uji wa Bwana Norihisa ulikuwaje? Aliweka chumvi?"

"Uji gani?"

"Wa ghala. Alipofungua ghala."

Tome alifikiri. "Ghala lilifunguliwa mwezi wa kumi. Magunia mia saba yalitolewa. Sisi wanawake ndio tulioshona midomo ya magunia, mimi nilishona arobaini. Yakapakiwa kwenye farasi, yakapelekwa mtoni, yakaenda kuuzwa mjini huko kusini. Bei ilikuwa nzuri sana mwaka ule, kwa sababu ya njaa." Akaendelea kukata. "Uji ulikuwepo siku moja. Mkaguzi alikuja kutoka kwa shoguni, mtawala wa nchi nzima. Wakawapikia wale walioweza kusimama kwenye mstari. Ito hakuweza kusimama. Nikaomba nimpelekee, wakasema kila mtu anakula mwenyewe."

Nobue akaweka kisu chini. "Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo mkaguzi akaandika kwamba ameona uji."

Ito alikufa mwezi wa pili siku ya tano, na Tome siku ya kumi na nne. Alifika kwenye mto wanaouvuka wafu, akasimama kwenye foleni, na alipofikiwa akaulizwa jina. Yule mwenye orodha akatafuta katika majina yaliyoletwa na hekalu. Hakuna. Akaambiwa arudi kijijini akaandikwe kwanza. Akarudi, lakini aliyekuwa akiandika naye alikuwa ameshakufa.

"Mimi si kitu," alisema Tome. "Mimi ni mtu mzima, naweza kungoja. Lakini Ito alitangulia siku tisa. Naye hayumo kwenye orodha. Wamemwambia arudi, arudi wapi? Hajui hata kijiji chetu kinaitwaje. Yeye anajua 'nyumbani' tu." Kisha akasema alichotaka, na alikisema mara moja: "Dada, wewe unaandika. Tuandike kwamba tulikufa. Yeye hasa. Akishaandikwa, watamvusha, nami nitajua pa kumkuta."

Nobue alilia palepale juu ya figili. Akaahidi.

Ito naye aliwekewa sinia dogo, kila siku, na jina lake likatajwa. Kila siku kifuniko kilifunuliwa kikiwa kikavu, hata uji ukiwa wa moto vipi. Tome alikipapasa kwa kidole, akakirudisha.

Kuhani wa hekalu hakuwa na pingamizi. Alisema yuko tayari kuwaandika wote mia nne na kumi na wawili na kuwasomea, ila kitabu cha mji kitangulie, yeye atanakili. Paa la hekalu lilikuwa linavuja na aliyeahidi kuliezeka ni Mzee Amakasu. Kwa hiyo Nobue akaandika katika sura yake: "Watu 412 wa Kijiji cha Juu walikufa kwa njaa." Akataja Tome, akataja Ito. Akapeleka.

Baada ya siku mbili Mzee Amakasu alikuja mwenyewe, na boksi la keki kumi na mbili. Ni mtu mpole, mwenye mikono laini ya kukanda unga, na sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kwa mbwa. Alivua viatu, akavigeuza vikatazama mlango, akamsalimia Bibi Fusa, kisha akamwinamia Tome.

"Mwalimu Nobue amenieleza habari zako. Pole sana kwa safari."

"Ahsante," akasema Tome, jicho kwenye boksi.

"Karibu, karibu, ni zako. Kwa hiyo wewe ni wa Kijiji cha Juu. Na ulikufa..."

"Kwa njaa."

"Pole sana." Aliisema kwa moyo, na machozi yakamlengalenga, nashuhudia, nilikuwa nimekwenda kuazima sukari. Tome alikula keki kumi na moja. Ya kumi na mbili iliingia kwenye mkono wa nguo.

"Mwalimu," Mzee Amakasu akamgeukia Nobue, maana hapa kwetu waandishi huitwa hivyo, "sura yako ni tamu, hasa pale kwenye achari. Nimegusa sentensi moja tu." Akatoa karatasi. Kwa wino mwekundu, mwandiko mzuri, "walikufa kwa njaa" ilikuwa imekatwa na juu yake pameandikwa "hawakuwepo".

"Mzee, huyu hapa ameketi mbele yako!"

"Namwona. Na ninamwamini. Lakini kamati inafuata maandishi, na maandishi yanasema hayupo. Sasa tukianza kuandika kila anachosema mtu tuliyekula naye chakula cha mchana, hiyo itakuwa historia kweli?" Akanywa chai. "Halafu kuna sikukuu. Kuna watoto wa shule wanaoigiza. Kuna stesheni. Mwalimu, wewe ni mtu wa hapa. Ukiona ni vigumu, nitaelewa, sura atamalizia mtu mwingine, na ile safu ya gazeti pia upumzike kidogo. Umechoka, unaonekana."

Nobue alitazama lile neno jekundu. Ningependa kuwaambia kwamba aliirarua karatasi. Hakuirarua. Aliikunja, akasema, "Nitafikiri," na Mzee Amakasu akamshukuru kwa moyo wake mkubwa.

"Ungempiga na boksi," alisema Bibi Fusa mlango ulipofungwa.

"Mama, nikiacha safu, nitaandika wapi?"

"Nimesema tu ungempiga na boksi. Sijasema uache safu."

Halafu mambo yakazidi kwenda mrama. Kijana wa masjala ya halmashauri, Wakui, alisikia habari na akaja na fomu. Alikuwa amefurahi, maana si kila siku anapata jambo lililo wazi kiasi hicho. Kwa mujibu wa taratibu, alieleza, mtu aliyeandikwa hayupo kisha akaonekana, anarudishwa kwenye daftari la wakazi siku hiyohiyo. Anwani, hapa. Mkuu wa kaya, Teruaki Kuramochi. Umri, akapiga hesabu kwa simu, miaka mia mbili sabini na mmoja.

"Lakini alikufa," Nobue akasema.

"Cheti cha kifo kipo?"

"Hakuna aliyewahi kuandika."

"Basi ni mkazi," Wakui akasema, akagonga muhuri. "Na kama ni marehemu, daktari atasema."

Daktari wa kliniki ya mtaa alimpima Tome mara mbili. Hakupata mapigo yoyote. Akaandika kwamba presha iko chini sana, akamshauri aongeze chumvi kidogo na asisimame ghafla. Meno, alisema, ni mazuri ajabu kwa umri wake.

Wiki iliyofuata Teruaki alipiga simu kutoka Nagoya. Alikuwa ameletewa barua kwamba kaya yake imeongezeka mtu mmoja.

"Tome ni nani?"

"Mgeni wangu. Wa mwaka ule wa njaa."

"Aah. Anakaa kwenye mto wangu?"

"Ndiyo."

"Na sinia langu?"

Katika kuhangaika Nobue alikuwa amelisahau kabisa.

"Nilijua tu," mume akasema. "Tangu mwezi wa tano suruali zinanivuka. Jana nimeshika nguzo ya daraja nisianguke." Kuanzia siku hiyo yakawekwa masinia matatu, na Nobue akanunua sufuria kubwa zaidi.

Aliyeumia kwa ile fomu ni Bibi Fusa. Kwa miaka minne alikuwa ndiye mkubwa kuliko wote katika mtaa wetu, na kwa heshima hiyo alikalia sehemu inayotazama bustani na kuingia wa kwanza kwenye maji ya moto ya kuogea. Sasa alitakiwa kumpisha mwanamke mwenye uso wa miaka thelathini na mmoja. "Miaka themanini na miwili nimesubiri kukaa hapa," alilalamika, huku akiuhamisha mto. Mbele ya wageni alimwita "Bibi Tome" na kumwinamia inavyopasa. Wageni wakiondoka alimwita "mwanangu", akamchana nywele, na mara moja nilimsikia akimwambia, "Lile kabati la mashuka nimelipangua. Vilivyooza nimezika bustanini. Weka vipya."

Mwezi wa tisa tuna Siku ya Wazee. Halmashauri hutoa hati na kikombe cha fedha kwa mkazi mwenye umri mkubwa kuliko wote, na mwaka ule hakukuwa na ushindani. Ukumbi wa michezo wa shule ulijaa. Juu ya jukwaa palitundikwa kitambaa: MIAKA 271, MATUNDA YA WEMA WA BWANA NORIHISA. Mzee Amakasu ndiye aliyepata wazo hilo. Alieleza kwenye kipaza sauti, kwa sauti yake ya upole, kwamba kwa miaka mingi watu wa miji jirani wametucheka, wamesema haiwezekani katika njaa kama ile asife hata mmoja. Na sasa, ndugu zangu, tazameni wenyewe. Huyu hapa, alikuwepo, na hajafa.

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga, sikatai, wote walikuwa wanapiga.

Tome alipewa kikombe. Akakigeuza kuona kama kina kitu ndani. Kisha akasogezewa kipaza sauti, na Nobue, aliyekaa mstari wa mbele, akafumbata mikono.

"Naitwa Tome, wa Kijiji cha Juu," akasema. "Nilikufa mwezi wa pili, siku ya kumi na nne. Mwanangu Ito alikufa siku ya tano. Tuliokufa ni mia nne na kumi na wawili. Naomba muandike."

Halafu Mzee Amakasu akacheka kwa upendo. "Utani wa wazee! Wakifika umri huo hawaogopi hata kutaja kifo!" Watu wakacheka pia, kwa kushusha pumzi iliyokuwa imewakaa vibaya kifuani, na makofi yakawa makubwa kuliko ya mwanzo. Mwandishi wa gazeti la mkoa akapanda na daftari.

"Bibi, nini siri ya maisha marefu?"

"Sikuwa na chakula," akasema Tome.

Gazeti la kesho yake liliandika: "Siri ni Kula Kidogo, Asema Bibi wa Miaka 271." Maduka yakaishiwa bakuli ndogo.

Kitabu kilitoka mwezi wa kumi, kikubwa, jalada la kijani. Sura ya vyakula ni nzuri, na ukurasa wa mia tatu na sita unasema kwamba watu 412 hawakuwepo. Kuhani alinunua nakala, akaangalia ukurasa huo, akafunga. Paa liliezekwa. Na kwa kuwa Tome sasa alikuwa mkazi mwenye kadi ya bima, hakuna aliyeweza kumwandika popote kwamba amekufa, hata angetaka.

Nobue hakulala vizuri wiki mbili. Alijiona mwizi, na mbaya zaidi, mwizi aliyeiba kwa adabu. Lakini alikuwa amegundua kitu katika miaka kumi na mmoja: Mzee Amakasu husoma historia yake mpaka nukta ya mwisho, ila mapishi hajawahi kuyagusa, kwa sababu katika maisha yake yote hajawahi kupika wali. Mapishi hukaguliwa na mama wa lishe wa halmashauri, basi. Kwa hiyo katika toleo la mwezi wa kumi na moja sehemu ya historia aliijaza maneno matamu kuhusu figili, na kwenye kisanduku cha mapishi akaandika hivi, Tome akimtajia kutoka kichwani:

"Uji wa Ito, binti wa Tome, Kijiji cha Juu. Kwa mlaji mmoja, miaka minne. Maji, vikombe vitano. Gome la msonobari lililotwangwa, kijiko kimoja. Mchele, hakuna. Chemsha mpaka mtoto aache kulia."

Nobue aliusoma kwa sauti mara tatu, wote watatu wameegemeana juu ya meza. "Sasa ameandikwa," akasema Bibi Fusa. "Nyumba elfu nne. Huko mtoni wakisema hayumo, waoneshe friji."

Gazeti lilifika Jumatatu. Nobue alilifungua akiwa amesimama mlangoni. Jina lilikuwepo, kwa herufi kubwa, Uji wa Ito. Chini yake mama wa lishe, ambaye ni mtu makini, alikuwa ameandika kwamba kasoro ndogo katika vipimo zimerekebishwa kwa ajili ya afya ya wasomaji. Maneno 'binti wa Tome' na 'Kijiji cha Juu' yalikuwa yameondolewa kwa sababu ya nafasi. Gome la msonobari, au mchicha. Chemsha mpaka ulainike. Mchele, nusu kikombe.

Tulibandika kwenye friji, wote. Ni chakula chepesi, kinafaa asubuhi. Alhamisi ile shule zote mbili zilikipika mchana, na tangazo la halmashauri likasema watoto hawakubakisha kitu.

Nobue alimsomea Tome jikoni, hakuficha chochote. Tome hakusoma maishani mwake, lakini aliomba aoneshwe neno lenyewe, akaligusa. Kisha akauliza nusu kikombe ni kiasi gani. Bibi Fusa akampa kile kikombe cha plastiki kinachokaa ndani ya pipa la mchele, chenye mstari katikati. Tome akachota, akapunguza, akasawazisha kwa kidole mpaka punje zikalala sawa na mstari. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kukitazama.

"Hiki tu?"

"Hicho tu," akasema Nobue.

"Theluji iliyeyuka siku sita baada ya yeye kufa," akasema Tome. "Mboga zikachomoza kando ya mto. Hiki kingetosha."

Akamimina mchele kwenye bakuli, akauosha mara tatu, na maji ya kwanza, yale meupe, hakuyamwaga. Aliyaweka pembeni, akayafunika, maana hata hayo yana kitu ndani yake.